Baipasi za muda kwenye boila na chumba cha amonia: nani asaini, muda gani, na nini kikae badala ya kinga?

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Tunaandika upya utaratibu wa baipasi (kuizuia kinga isifanye kazi kwa muda) kwa kiwanda chenye boila mbili za faya-tyubu (moto unapita ndani ya mabomba, maji yako nje yake), kila moja tani 10 za mvuke kwa saa kwa baa 10, zinazochoma mafuta mazito. Pembeni kuna chumba cha kompresa za amonia za mfumo wa ubaridi. Kinga nyingi za boila zinapitia PLC (kompyuta ya kudhibiti mtambo), chache bado ziko kwenye relei (swichi za umeme) za zamani.

Rasimu iliyopo ina mstari mmoja tu: "Baipasi iidhinishwe na meneja, isizidi saa 24, iandikwe kwenye daftari." Naona haitoshi. Nataka kujua: kinga zipi zisiguswe kabisa? Hizo saa 24 zina hesabu yoyote nyuma yake au ni namba ya mazoea? Usiku meneja akiwa hayupo, nani anasaini? Na fundi akifosi ingizo moja kwenye PLC (akililazimisha lisome thamani aliyoiweka yeye) "kwa dakika tano tu", hiyo nayo ni baipasi?

Mvuke_Mkavu:

Ndugu, kabla hujafika kwa nani asaini, iulize kila kinga swali hili: ikitolewa, ni nini kitafanya kazi yake, na je, kitawahi? Sahihi ya meneja haizimi kichomeo. Kinachozima ni sensa, au mtu aliyewekwa badala ya sensa akiwa na muda wa kutosha.

Chukua maji ya boila yako. Tani 10 kwa saa ni kama kilo 167 kwa dakika. Tuseme kati ya kiwango cha kawaida na kiwango cha chini kabisa mna kilo 1,500 za maji (pimeni ya kwenu kutoka kwenye michoro ya boila, hii ni ya mfano). Pampu ya kulishia ikisimama boila ikiwa na mzigo kamili, maji hayo yanaisha ndani ya dakika 9. Ukipunguza moto hadi nusu, unapata 18. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbele ya kioo cha maji anaweza kweli kushika nafasi ya sensa ya kwanza ya maji wakati fundi anaisafisha, ila kwa masharti. Hana kazi nyingine yoyote. Kitufe cha kuzima kichomeo kiko ndani ya hatua mbili kutoka alipo. Kioo kimepulizwa kabla hajaanza, kwa sababu mfereji wa kioo ukiziba, kioo kinaonyesha maji ambayo boila haina. Sensa ya pili, ile ya kiwango cha chini kabisa inayodai kuresetiwa kwa mkono, imejaribiwa zamu hiyo hiyo na kweli imezima kichomeo. Na mzigo umeshushwa kwanza.

Maagizo yake yaandikwe kwa maneno ya kutenda: "Maji yakishuka chini ya alama hii, zima kichomeo. Maji yakipotea kabisa kwenye kioo, zima kichomeo na usilishe maji." Hiyo sentensi ya mwisho isikosekane. Maji ya kulishia yakikuta mabomba yaliyokwisha kupata moto kupita kiasi, yanageuka mvuke papo hapo, na chuma kilicholegea kwa joto hakibebi mshtuko huo. Mbadilisheni mtu huyo kila saa moja. Kutazama kioo kisichobadilika ni kazi inayolaza macho.

Sasa linganisha na jicho la mwali. Mwali ukizimika, mfumo wa kichomeo unatakiwa ukate mafuta ndani ya sekunde 4 hivi. Hakuna binadamu anayeweza kuona, kuamua na kubonyeza kwa muda huo, tena saa nane za usiku. Mafuta yanaendelea kunyunyizwa kwenye chumba cha moto ambacho bado kina joto kali, yanakuwa mvuke wa mafuta, kisha yanawaka yote kwa mpigo. Mlango wa mbele wa boila unaruka. Kwa hiyo jicho la mwali halina baipasi, hata ya dakika moja. Likisumbua, boila inazimwa, lenzi inasafishwa, jicho linabadilishwa. Wekeni jicho la akiba stoo. Bei yake haifikii gharama ya kusimamisha uzalishaji nusu siku, na likikosekana ndipo kishawishi cha jampa (kipande cha waya cha kuiruka kinga) kinapoanzia.

Kwenye orodha hiyo hiyo ya zisizoguswa tia maji ya chini kabisa, upulizaji wa hewa kabla ya kuwasha, na kitufe cha dharura. Vali ya usalama sitarajii mtu aizungumzie, lakini iandikeni.

Kura_Mbili_Tatu:

Mvuke_Mkavu ameshika kiini. Mimi nijibu la saa 24, kwa sababu hesabu yake ipo na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka una saa 8,760. Kinga ya kiwango cha SIL 2 (SIL ni ngazi ya kutegemewa kwa kinga; 2 ni ya juu kuliko 1) inatakiwa uwezekano wake wa kushindwa inapohitajika uwe chini ya 0.01 kwa wastani. Muda wote kinga ikiwa kwenye baipasi, imeshindwa kwa asilimia mia. Kwa hiyo baipasi ya saa 8 kwa mwaka inaongeza 8 ÷ 8,760, yaani 0.0009. Hiyo unaweza kuibeba. Saa 24 zinaongeza 0.0027. Siku tatu zinaongeza 0.0082, ambayo peke yake inakula zaidi ya robo tatu ya nafasi yote uliyopewa kwa mwaka mzima. Wiki mbili ni 0.038: kinga uliyoinunua kama SIL 2 imekuwa SIL 1, na hakuna aliyebadilisha hata skrubu.

Mnaona basi kwamba saa 24 mara moja si sawa na saa 24 kila mwezi. Utaratibu uweke kikomo cha kila tukio na kikomo cha jumla kwa mwaka kwa kila sensa. IEC 61511, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya kinga viwandani, kinadai muda wa juu wa baipasi uwekwe tangu kwenye usanifu, na hatua za badala ziandikwe. Mengine ni kazi yenu.

Jambo la pili ni kura. Kama transmita tatu (sensa zinazotuma usomaji kwenye PLC) zinapiga kura mbili kati ya tatu, yaani mbili zikikubaliana mtambo unazimwa, na ukaitoa moja, muulize aliyeandika programu: hiyo iliyotolewa inahesabiwa kama imepiga kura ya kuzima, au kama haina kura? Ikihesabiwa ya kuzima, zilizobaki zinakuwa moja kati ya mbili: usalama upo, ila mtambo utatripu (utajizima) kwa kisingizio kidogo. Isipohesabiwa, zinakuwa mbili kati ya mbili: zote mbili lazima zikubali, na moja ikikwama hakuna kuzima. Watu wengi hudhani wamebaki salama kwa sababu "bado tuna mbili". Kwenye relei za zamani mara nyingi sensa ni moja tu, kwa hiyo baipasi hapo inawaacha na kinga sifuri. Fomu iwe na mstari unaouliza: kinabaki nini?

Zamu_ya_Usiku:

Asanteni sana, hesabu ya saa imenifungua macho. Naomba mnisaidie zaidi kwenye PLC na jampa. Na baipasi za wakati wa kuwasha, ambapo shinikizo bado liko chini na kinga ya shinikizo dogo haiwezi kukubali, zinaingia humo humo?

Paneli_Nyekundu:

Kufosi ni baipasi, mkuu, na mara nyingi ni mbaya kuliko swichi ya baipasi. Sababu ni hii. Swichi ya baipasi iliyojengwa ndani ya programu inazuia amri ya kuzima peke yake; usomaji wa transmita unaendelea kuonekana, alamu inalia, rekodi inaandikwa. Ukifosi ingizo lenyewe, mfano ukaligandisha kwenye miliampea 12, umepofusha kila kinachosoma namba hiyo: kinga, alamu, udhibiti na skrini ya opereta. Opereta anaona shinikizo limetulia vizuri, asubuhi hadi jioni, kumbe anatazama picha. Jampa kwenye tamino (sehemu ya kuungia waya) nayo inafanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo: ombeni programu iwekwe swichi za baipasi kwa kila sensa itakayohitaji matengenezo, pamoja na swichi kuu ya ufunguo kwenye chumba cha udhibiti. Ufunguo usipogeuzwa, hakuna baipasi inayokubaliwa. Ukirudishwa, zote zinaondoka. Katika kundi moja la kinga, mfumo ukubali moja tu kwa wakati mmoja. Baipasi ikiwepo, skrini ionyeshe rangi isiyozimika na alamu irudie mwanzoni mwa kila zamu.

Kufosi kubaki kwa ajili ya majaribio mtambo ukiwa umesimama. PLC nyingi zina taa ya kuonyesha kuna kufosi; kwenye baadhi imeandikwa FORCE. Shida ni kwamba taa hiyo iko ndani ya kabati lililofungwa. Ileteni hali hiyo kwenye skrini ya opereta. Kila wiki chapisheni orodha ya kufosi kutoka kwenye PLC na muilinganishe na daftari, mstari kwa mstari. Tofauti hata moja ichunguzwe siku hiyo hiyo.

Jampa za relei: tengenezeni sita tu, waya mwekundu wa nusu mita, kila moja na pete ya namba, zikae kwenye ubao wenye ndoano ndani ya sanduku la kufuli kwa msimamizi wa zamu. Ndoano namba 4 ikiwa tupu, jampa namba 4 iko mahali fulani, na daftari liseme ni kabati lipi, tamino zipi. Kipande cha waya kilichokatwa kwenye rola kipigwe marufuku. Hicho ndicho mtu anachokikuta miaka mitatu baadaye bila kujua kiliwekwa kwa nini.

Msisahau baipasi zisizo za umeme. Vali ndogo ya kutengea transmita ikifungwa, ni baipasi. Pampu ya zimamoto ikihamishwa kutoka otomatiki kwenda mkono, ni baipasi. Kwenye Piper Alpha, jukwaa la mafuta la bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, pampu za maji ya moto zilikuwa zimewekwa kwenye mkono kwa sababu ya wapiga mbizi, ili wasivutwe kwenye mlango wa maji. Kulinda wapiga mbizi ni sababu halali. Lakini pale ilikuwa desturi kufanya hivyo kila wapiga mbizi wakiwa majini, hata wakiwa mbali na mlango wa pampu, wakati jukwaa jirani la Claymore walifanya hivyo wapiga mbizi wakiwa karibu tu. Moto ulipotokea, hakuna aliyeweza kufika pampu zilipo kuziwasha. Watu 167 walikufa kwa ajali ile. Sababu za vifo zilikuwa nyingi, ila hilo moja la baipasi pana kuliko haja lingezuilika kwa sentensi moja ya utaratibu.

Ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, ni somo la kifaa kidogo zaidi. Geji ya tangi la petroli ilikwama, na swichi huru ya kiwango cha juu kabisa haikufanya kazi. Swichi ile ilikuwa na mkono wa kujaribia, na mkono huo ulihitaji kufuli ili ubaki kwenye nafasi ya kazi. Kufuli haikuwekwa, walioitumia hawakuelewa kwamba ilikuwa sehemu ya utendaji wake. Kwa hiyo kila swichi yenye mkono wa majaribio hapo kwenu, fungueni kitabu chake mjue inatakiwa kukaa vipi baada ya jaribio.

Mvuke_Mkavu:

Niongeze la kuwasha, kwa kuwa limeulizwa. Baipasi ya kuwasha na ya matengenezo zisichanganywe. Ya kuwasha inajulikana mapema, kwa hiyo iwe ndani ya programu, iondoke yenyewe shinikizo likifika kiwango chake au muda ukiisha, chochote kitakachotangulia. Muda uwekeni kwa kupima uwashaji halisi mara kadhaa na kuongeza kidogo. Mkiwaachia waendeshaji waiondoe wenyewe, itasahaulika, kwa sababu dakika zile wana mikono mingi kazini.

Kinga ikihitaji baipasi kila mnapowasha na programu haina, hapo tatizo ni la usanifu. Kwenye kiwanda cha kemikali cha Institute, West Virginia, Marekani, hita ya tangi la kutibu mabaki haikuweza kufikisha kiyeyushi kwenye joto la chini lililotakiwa na intaloki (kinga inayozuia hatua inayofuata mpaka sharti litimie). Kasoro hiyo ilidumu miaka, na kuruka intaloki kukawa sehemu ya kazi. Tarehe 28 Agosti 2008 kemikali ikajilimbikiza tangini, tangi likalipuka, wafanyakazi wawili wakafa. Daftari lenu lihesabu: sensa ikibaipasiwa mara tatu ndani ya miezi mitatu, ombi la nne lisipite bila kazi ya kurekebisha chanzo.

Kura_Mbili_Tatu:

Naunga mkono, ila nitofautiane na jambo ambalo huwa linawekwa bila kufikiriwa: baipasi ya matengenezo kujiondoa yenyewe muda ukiisha. Kwa ya kuwasha ni sawa. Kwa ya matengenezo, fundi anaweza kuwa bado ameifungua transmita, mstari wake umekatwa, na saa ikifika mfumo unasoma sifuri na kutripu boila iliyokuwa salama. Kutripu nako kuna hatari zake: mvuke unakatika ghafla, kisha watu wanakimbilia kuwasha upya. Na baada ya tukio kama hilo mara mbili, watu watajifunza kuomba saa 24 kwa kazi ya dakika 40. Bora alamu ilie dakika 15 kabla, na muda ukiisha ilie isiyozimika mpaka msimamizi afanye moja kati ya mawili: aongeze muda kwa sahihi mpya na sababu mpya, au asimamishe mtambo kwa utulivu.

Kuhusu sahihi za usiku: anayeomba asiwe anayeidhinisha. Msimamizi wa zamu aidhinishe hadi mwisho wa zamu yake, baada ya kuzungumza kwa simu na mhandisi wa zamu ya wito, na jina na saa ya simu viandikwe. Kupita zamu moja, aidhinishe meneja wa uhandisi pamoja na afisa usalama. Meneja wa uzalishaji ajulishwe lakini asiwe sahihi ya mwisho, kwa sababu ndiye anayebanwa na tani. Kupita siku saba, si baipasi tena, ni badiliko la mtambo, lifanyiwe tathmini kamili ya hatari. Na utaratibu useme waziwazi: simu isipopokelewa, hakuna baipasi, boila inazimwa. Msipoliandika, saa tisa usiku ataachiwa kijana wa zamu aamue peke yake.

Kwa wale wa Kenya, kumbukeni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakataza mtu kuingilia kwa makusudi kifaa kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Karatasi yenye sahihi na hatua za badala ndiyo inayotenganisha kazi halali na kosa hilo.

Baridi_Pwani:

Upande wa amonia kwa ufupi. Detekta za chumba mara nyingi zina ngazi: alamu kwenye ppm 25 (sehemu 25 za amonia kwa milioni za hewa), feni ya dharura kwenye ppm 150. Mkifanya kalibresheni kwa gesi ya majaribio, feni itawaka na kompresa zinaweza kuzimwa, kwa hiyo watu huzuia mfumo mzima na kusahau. Njia nzuri: washeni feni ya dharura kwa mkono kwanza, iachwe ikizunguka kazi yote, ndipo mzuie detekta moja. Kile ambacho kinga ingekifanya tayari kimefanyika, hivyo hata mkisahau dakika kumi, chumba kinapata hewa. Detekta moja moja, si zote pamoja. Fundi avae detekta ya mfukoni iliyowekwa kulia kwenye ppm 25, na kinyago chenye kichujio cha amonia kiwe mkononi, si kabatini. Ppm 300 tayari ni hatari ya haraka kwa uhai, na kichujio hakifai kwa kuingia kwenye uvujaji mkubwa. Hicho ni cha kutokea tu.

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu, nimenukuu karibu kila kitu. La mwisho: kuondoa baipasi kuna mpangilio maalumu, au unarudisha swichi tu?

Paneli_Nyekundu:

Upo, na hapo ndipo mitambo mingi inapotripu. Fundi aliyefanya kazi na opereta wawe kwenye radio pamoja. Kwanza fundi athibitishe vali ya kutengea imefunguliwa, mstari umetolewa hewa, kifuniko kimefungwa. Opereta asome thamani na kuilinganisha na kipimo kingine cha kitu kile kile: kioo cha maji, geji ya pembeni, transmita jirani. Ziwe karibu, na muwe mmekubaliana kabla "karibu" ni kiasi gani, mfano asilimia 3 ya kipimo. Halafu atazame kama mantiki ina amri ya kuzima inayosubiri nyuma ya baipasi. Ikiwepo, ieleweke chanzo chake na iresetiwe kwanza. Hapo ndipo swichi inarudishwa, ufunguo unatolewa, jampa inarudi kwenye ndoano yake, na saa inaandikwa na yule yule aliyefungua mstari wa daftari au aliyempokea kwa maandishi kwenye makabidhiano.

Kama waya, kadi au programu iliguswa, kurudisha swichi hakutoshi: kinga ijaribiwe hadi mwisho, mpaka vali ya mafuta ifunge kweli. Thamani zisipolingana, mstari wa daftari unabaki wazi, mtu wa kioo habanduki, na mnaanza kushusha moto.